Mishale tunayoichora ubaoni haitoshi

Kila mwalimu wa fizikia ameshauchora mchoro ule wa ndani ya sumaku: mstatili uliogawanywa vyumba vidogo, kila chumba na mishale yake ya usumaku inayoelekea upande mmoja, na kati ya chumba na chumba mstari ulionyooka kama mpaka wa shamba. Nimeuchora kwa miaka mingi. Sasa naamini tunawanyima wanafunzi wetu utamu wenyewe wa sumaku.

Siwalaumu waliotutangulia. Mwanafizikia Francis Bitter, mwaka 1931, alitumia unga laini wa sumaku kuidhihirisha mipaka ya vyumba hivyo, lakini aliiona juu ya uso wa sumaku tu. Darubini za elektroni zilipokuja, zikataka kipande chembamba mno. Na sumaku ukiichonga hivyo, spini zake, yaani visumaku vidogo vya atomi tunavyovichora kama mishale, hujipanga upya kuufuata uso mpya. Unapotazama, kile ulichokuwa unakitafuta kimeshabadilika.

Ndiyo maana kazi ya mwanafizikia Claire Donnelly na wenzake, iliyofanyika katika Taasisi ya Paul Scherrer huko Uswisi na kuchapishwa mwaka 2017, imenigusa sana. Walichukua nguzo ya metali za gadolini na kobalti, upana wake mikromita 5, wakaimulika kwa eksirei huku wakiizungusha, kama mgonjwa anavyopigwa picha za ndani hospitalini. Waliteua eksirei ambazo sumaku huzimeza kwa kiasi tofauti, kutegemea kama spini zimeelekea uendako mwale au utokako. Tatizo likabaki moja: mshale uliolala sambamba na mhimili wa mzunguko hauonekani, uzungushe utakavyo. Basi wakaiinamisha nguzo, wakaizungusha tena! Naipenda hila hiyo kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuielewa akiwa na kalamu tu mkononi.

Ramani waliyoipata ilionyesha mambo hadi ukubwa wa nanomita 100 hivi. Humo mlikuwa na mipaka inayojipinda, vimbunga vya mishale, na nukta za Bloch. Nukta ya Bloch ni mahali ambapo mishale inayoizunguka imeelekea kila upande uwezao kuutaja, hata pale katikati usumaku unakosa pa kuelekea, unatoweka. Mwanafizikia Ernst Feldtkeller aliieleza kwa nadharia mwaka 1965. Nukta hiyo ilingoja zaidi ya miaka 50 kabla ya kuonekana hivi, ndani ya sumaku nzima isiyokatwa.

Mara nyingi utafiti huu hutetewa kwa ahadi ya kompyuta zenye kumbukumbu kubwa zaidi. Huenda zikaja. Mimi nautetea kwa sababu iliyo karibu zaidi: tumekuwa tukifundisha umbo la kitu ambacho hatukuwahi kukiona ndani, na sasa kimeonekana. Waandishi wa vitabu vyetu vya kiada waiweke picha hiyo ukurasa mmoja na ule mstatili. Mimi nimeanza: nikimaliza kuchora vyumba, nafuta mstari mmoja wa mpaka, kisha naichora mishale ikigeuka kidogo kidogo hadi ng'ambo.