Tumegeuza daining kuwa chumba, sasa friji linaishi sebuleni

Watu wanaosema Dodoma ina nafasi, viwanja vikubwa, barabara pana, mimi nawakubalia, ila hiyo nafasi yote iko nje. Ndani ya nyumba zetu ni mbanano. Mimi niko Nkuhungu, nyumba ya vyumba viwili vya kulala, na ramani yake ilichorwa enzi ambazo mgeni wa Dodoma alikuja kwa sababu ya maana, msiba au harusi, anakula wali wake anaondoka. Ule uamuzi wa makao makuu ulipita 1973 lakini nani alijali, watu walikuwa wanapita tu na mabasi yao kwenda Singida na Mwanza, wananunua zabibu dirishani, safari inaendelea. Ilipofika 2016 serikali ikasema sasa tunahamia kweli, hapo ndo ukoo mzima ukakumbuka una ndugu Dodoma. Huyu anafuatilia uhamisho, huyu ameitwa kwenye usaili, huyu barua yake imekwama Mtumba kwenye ofisi za wizara, na bunge la bajeti likianza kuna mmoja lazima aje "kuona mazingira", mazingira gani sijui, analala kwangu wiki mbili anayaona. Zamani angalau basi la kutoka Dar lilikuwa linatulinda, mtu akifikiria kukaa kwenye siti kutwa nzima anasema aa nitakuja mwezi ujao. Sasa tangu 2024 kuna treni ya umeme, masaa kama manne mtu kashafika, tena anakupigia simu akiwa Morogoro.

Lakini wageni tungewavumilia kama kawaida yetu. Kilichotuponza ni Neema. Neema yuko form two, katangaza kwamba halali tena chumba kimoja na wadogo zake wa kiume, na kwa kweli ana haki, wale watoto wanarusha mateke usiku kucha. Kabla hatujakaa sawa mama mkwe akapiga kutoka Mpwapwa kwamba anakuja kliniki ya macho. Sasa mama mkwe si mtu wa kumtandikia godoro sebuleni, wewe baba mzima unaamka alfajiri unataka kwenda kazini halafu unamruka mkweo, hiyo ni laana.

Mama Neema akashika futi kamba. Nyie wanaume mnaojua ndoa, mwanamke akishashika futi kamba hela imeshatoka, kilichobaki ni tarehe. Akapima baraza, akaona tukilifunga tutakosa pa kuanikia nguo mvua zikianza. Akapima stoo, ikaenea ndoo na nusu ya mtu. Akaja kusimama kwenye daining kimya kimya na mimi nikajua tumefika.

Tuseme ukweli kuhusu daining za Watanzania. Pale mezani hajala mtu tangu ile meza iingie humu ndani. Sisi wote tunakula sebuleni, sahani mapajani, macho kwenye tivii. Ile meza ya viti sita kazi yake ni kubeba nguo zisizopigwa pasi, risiti za LUKU, chaja zilizokufa na ule mtungi wa gesi wa akiba. Lakini siku nimetamka tu kwamba daining inaondoka, jamani, kila mtu akaipenda! Watoto eti watafanyia wapi homuweki, watoto ambao homuweki wanafanyia kwenye bajaji asubuhi. Kaka yangu akapiga simu kutoka Tabora kuitetea meza ambayo hajawahi kuigusa.

Nikaita fundi. Akaingia na kapelo yake, akaanza kugonga kuta kwa konzi huku ameweka sikio, anagonga, anasikiliza, anafumba macho, nikasema huyu anapima nyumba au anapima malaria. Akanambia ukuta wa kati ya daining na jiko haufanyi kazi yoyote, tunautoa wote, nipe siku mbili. Nikaona niite na wa pili, maana maneno ya siku mbili nayajua. Wa pili kaja, kanywa chai vilevile kama mwenzake, kaugusa ukuta uleule akauachia haraka, akasema ukiutoa huu kenchi zote, yale mbao yanayobeba bati, zinakuja kulala na wewe. Ikabidi nipande mwenyewe kwenye tundu la dari na tochi ya simu, mtu mzima na kitambi, vumbi na kinyesi cha popo, nikaona kabisa kenchi zimekaa juu ya lenta, ule mkanda wa zege wa huo ukuta. Yule wa kwanza sijui alikuwa anasikiliza nini.

Kwa hiyo ukuta ukabaki, tukakata daining katikati, upande wa dirisha uwe chumba, upande wa pili ubaki njia ya kwenda jikoni. Mimi nikataka tofali, inchi tano, kitu kizito chenye heshima. Fundi akakataa, akasema pale sakafuni chini hamna msingi, utapandisha ukuta juu ya zege la kukanyagia halafu na udongo wenu huu, mvua zikinyesha unavimba, kiangazi unasinyaa, umeshaona nyufa ngapi mtaani hapa? Nikaangalia ukuta wa jirani nikanyamaza. Basi jipsam. Yakaja mabodi futi nne kwa nane, fremu za chuma, fila, tepu, na vumbi jeupe ambalo mpaka leo tunalikuta kwenye unga.

Njia ikabaki sentimita 80. Kwenye karatasi sentimita 80 ni njia nzuri tu, mtu anapita na sahani yake. Ila friji letu la milango miwili lilikuwa linakaa daining, na tulisema litahamia jikoni. Ukilipeleka wima wima limepitiliza upana, ukiligeuza ubavu linaingia vizuri, linatembea, mnashangilia, mnafika kwenye kona ya mlango wa jiko linagoma. Tukasukuma, tukavuta, tukatoa milango yake, tukabishana, jirani akaja na nadharia yake, mwisho tukalirudisha lilikotoka na sasa liko sebuleni pembeni ya tivii linanguruma. Mgeni akija unamkaribisha soda bila kuinuka, hiyo ndo faida pekee.

Halafu kitanda. Mama Neema alishaahidi kwa simu kitanda cha tano kwa sita. Chumba kinakubali tano kwa sita, tatizo mlango haukubali, ukifungua kwa ndani unagonga kitanda. Tukaugeuza ufungukie koridoni. Sasa mlango ukifunguka njia ya jikoni imeziba, kwa hiyo kila mtu anayetoka jikoni na kitu cha moto lazima apige hodi kwenye njia, "hodi napita na uji!", nyumbani kwangu mwenyewe. Mwishowe tukaweka cha nne kwa sita lakini mlango keshafungwa bawaba upande huo na fundi simu yake haipatikani.

Mama mkwe akafika, shikamoo mama, marahaba baba, na gunia la karanga, mlenda mkavu na unga wa uwele, vyote vimeingia chumbani kwake, robo ya chumba imekwisha hivyo. Kakisifia sana. Neema naye bado yuko na wale wapiga mateke, kanuna, tumemwambia bibi akimaliza kliniki chumba chako. Bibi kapangiwa tarehe nyingine, miezi mitatu mbele.

Na hii jipsam hakuna aliyenambia kwamba inasikika hivi. Nimekaa sebuleni naangalia Dodoma Jiji wanacheza, nimepunguza sauti kwa heshima, goli limeingia nimeng'ata mto, nasikia ukutani, "Baba Neema, nani kafunga?" Namwambia. "Hao si ndo walifungwa juzi?" Tunachambua mechi hivyo, mimi na ukuta. Tukiongea mambo ya ada na mama Neema tunanong'ona, na bado asubuhi mama ananiambia ada zimepanda sana siku hizi.

Juzi jioni shemeji kapiga kutoka Dar, ana usaili, anaomba hifadhi siku chache. Nikajikaza. Nikamwambia shemeji yangu, hali ya hapa unaijua, mama yupo, watoto wamebanana, friji liko sebuleni, kiukweli nafasi hakuna. Nikatulia niisikie hiyo pole.

Ukuta ukajibu. "Mwambie aje tu baba, mimi nitalala na Neema."

Shemeji kasikia kila kitu. Kacheka sana, halafu kauliza kama kitanda ni tano kwa sita.