Krismasi ya Moldova si tarehe tu

Asante mwandishi kwa makala yako kuhusu Krismasi ya Moldova, nchi ya Ulaya Mashariki, ila imeishia kwenye ubishi wa kalenda: wengine Desemba 25, wengine Januari 7, kwa sababu kalenda ya zamani ya Kanisa la Kiorthodoksi iko nyuma kwa siku 13. Ni kweli. Lakini uhondo wa sikukuu ile uko milangoni mwa watu!

Mkesha wa Krismasi vijana wa kijiji, wakiwa wameshafanya mazoezi, hupita nyumba kwa nyumba wakiimba nyimbo ziitwazo colinde. Hawaimbi maneno yaleyale kwa kila mtu. Huyageuza yamfae mwenye nyumba, na msichana ambaye hajaolewa huimbiwa wimbo wake wa heri, kisha wakacheza naye. Mwenyeji huwapa fedha na colaci, mikate ya ngano iliyosukwa. Mwaka 2013 UNESCO iliuweka utamaduni huu wa Moldova na Romania kwenye orodha yake ya urithi, na makala nzima haikuutaja hata kwa sentensi moja. Imeniuma.

Halafu kuna mkesha wa Mwaka Mpya na Plugușorul, shairi refu la jembe la kukokotwa na ng'ombe: kulima, kupanda, kuvuna, kusaga, hadi mkate mezani, huku kengele zikilia na mijeledi ikialika. Asubuhi yake watoto huingia majumbani na kurusha punje za nafaka wakiwaombea wenyeji afya na mavuno. Kwa wakulima, hiyo ni dua hasa. Tafadhali, mwakani tuandikie hayo.