4,294,967,297 na majirani zake

Watu wakitaka kustaajabia namba kubwa, huhesabu tarakimu zake. Mimi naona wingi wa tarakimu ndiyo sifa rahisi kuliko zote: ukitaka namba kubwa zaidi, ongeza 1, kazi imekwisha. Namba hupata hadhi kwa jinsi ilivyojengeka ndani, na kwa majirani iliokaa nao. Chukua 4,294,967,297.

Anza na 2, uizidishe kwa yenyewe, kisha ufanye hivyo kwa kila jibu: 2, 4, 16, 256, 65,536. Ongeza 1 kwa kila moja, utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni namba tasa. Inayofuata ni hii yetu, yaani 2³² + 1, na mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kwamba nayo ni tasa, pamoja na zote zitakazoifuata. Mwaka 1732 mwanahisabati mwenzake Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba utamu wake ni kuumbuka kwa Fermat. Kwangu utamu uko kwenye 641 yenyewe. Ni 5 × 2⁷ + 1, na papo hapo ni 5⁴ + 2⁴. Hayo mawili yanatosha. Ukigawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na kuwa na baki ya −1, maana imepungukiwa 1 tu kufika 641. Pandisha yote kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Lakini 5⁴ ni 641 toa 2⁴, kwa hiyo mahali pake weka −2⁴. Sasa −2³² ndiyo inayobakiza 1, na hivyo 2³² + 1 haibakizi kitu. Ile namba ya tarakimu kumi hatukuigawa hata mara moja!

Rudi nyuma hatua mbili, kwenye 4,294,967,295. Watu wa kompyuta wanaifahamu, maana ndiyo namba kubwa kabisa inayoenea katika biti 32 (nafasi za 0 au 1) zisizo na alama ya hasi. Vigawo vyake ndivyo vinavyonivutia zaidi: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Zile tasa tano, zote, kila moja mara moja. Na kwa kuwa hadi leo haijapatikana ya sita, kazi ya wanahisabati Gauss na Wantzel, inayotaka vigawo tasa vya namba witiri viwe vya safu hii tu, kila kimoja mara moja, inatuambia kwamba hii ndiyo namba witiri kubwa kuliko zote zinazojulikana ambayo umbo lenye pande sawa na pembe sawa za idadi hiyo linaweza kuchorwa kwa rula na bikari. (Kinadharia tu, kwa macho litakuwa duara.) Kwa pande 4,294,967,297 haliwezekani kabisa.

Ujirani huo una matokeo mengine. Namba yetu inazidi zao la zile tano kwa 2, kwa hiyo ukiigawa kwa yoyote kati yao haikosekani baki. Kigawo chake kilikuwa lazima kiwe tasa ngeni, na ndivyo ilivyo kwa kila namba ya safu hii, maana kila moja inazidi zao la zilizoitangulia kwa 2: hata isipokuwa tasa, inaleta tasa ambazo zilizotangulia hazina. Safu haina mwisho, basi tasa nazo hazina mwisho. Christian Goldbach alimwandikia Euler hoja hiyo mwaka 1730, nami naipenda kuliko ile maarufu ya Euclid.