Waya Uliomo Ndani ya Sigara ya Kielektroniki

Kimiminika cha sigara ya kielektroniki kikiwa bado ndani ya chupa yake, kabla hakijatiwa kwenye kifaa, huwa na metali kidogo sana. Hilo lilidhihirika mwaka 2018, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipochukua vifaa vya wavutaji 56, wakapima kimiminika cha kwenye chupa, kile kilichobaki ndani ya tangi la kifaa, na mvuke uliotoka. Risasi, yaani ile metali laini ya kijivu iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli na rangi, ilikuwa katika mvuke zaidi ya mara 25 ya kiwango cha kwenye chupa. Kromiamu na nikeli nazo zilipanda. Kimiminika ni kilekile. Kilichoongezeka ni kwamba kimegusana na waya wa moto.

Nimeanza na utafiti huo kwa sababu mabishano juu ya sigara hizi, ambazo vijana wetu huziita vepu, huzunguka nikotini na ladha za matunda, na ni mara chache yamfikie mtengenezaji wa kifaa chenyewe. Koili ya kifaa, yaani ule waya unaopata moto, ni ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali: ama chuma, kromiamu na alumini, ama nikeli na kromiamu, ama chuma kisichoshika kutu, na viungio vyake huweza kushikizwa kwa lehemu yenye bati na risasi. Kila mtu anapovuta, betri huupasha waya hadi nyuzi 200 na zaidi, glisirini iliyomo kwenye kimiminika hugeuka ukungu, na waya ambao siku nzima unapata moto na kupoa huku umeloa kimiminika huanza kuchakaa. Sehemu ya kinachomeguka humfuata mvutaji kifuani. Tunauita mvuke kwa mazoea, ilhali ni ukungu wa matone madogo mno, mengi yakiwa chini ya mikromita 1, yanayopita pua, koo na vinyweleo vya mirija ya hewa mpaka kwenye vifuko vya hewa, ambako ukuta baina ya hewa na damu ni mwembamba kupita kiasi. Mtu mzima akimeza risasi kidogo, sehemu kubwa hutoka na choo. Mapafu hayana mlango wa kutokea ulio rahisi namna hiyo.

Wanaozitetea sigara hizi, hata hivyo, wana hoja nzito, na si haki kuzipita juu juu. Sigara ya kawaida huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioiacha. Moshi wake una lami, monoksidi ya kaboni na makumi ya kemikali zinazoleta saratani, na una metali zake pia, hasa kadimiamu, ambayo mmea wa tumbaku huifyonza udongoni na ambayo katika vepu kwa kawaida huwa ndogo. Jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, likiwashirikisha watu 886 waliotaka kuacha kuvuta, lilionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja asilimia 18 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameachana na tumbaku, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa vibandiko, bazoka na tiba nyingine za nikotini. Mzee aliyevuta pakiti moja kila siku kwa miaka thelathini, akashindwa kuacha kwa kila njia, akihamia vepu kabisa anapunguza sumu nyingi. Sioni sababu ya kumficha ukweli huo.

Kuhusu metali zenyewe, mtaalamu wa moyo kutoka Ugiriki, Konstantinos Farsalinos, na wenzake walikokotoa mwaka 2015 kwamba viwango vilivyokuwa vimeripotiwa hadi wakati huo vilikuwa kwa jumla chini ya vile vinavyoruhusiwa katika dawa za kuvuta na mahali pa kazi. Wanakumbusha pia kuwa mashine ya maabara ikikausha koili na kuiunguza hutoa sumu ambayo binadamu asingeivumilia, kwa kuwa ladha yake ni chungu mno. Ni tahadhari ya kitaalamu iliyo sahihi. Lakini kikomo cha mahali pa kazi kiliwekwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye afya, anayemaliza zamu yake na kurudi nyumbani kupumua hewa safi, naye walau hulipwa ujira kwa hatari anayoibeba. Kukitumia kumpa amani msichana wa miaka 15 anayevuta tangu asubuhi hadi anapolala ni kukiondoa mahali pake.

Kosa hilohilo liko katika dai mashuhuri kwamba vepu ni salama kuliko sigara kwa asilimia 95, lililotolewa na idara ya afya ya umma ya Uingereza mwaka 2015. Kwa sehemu, tarakimu hiyo ilitokana na makadirio ya jopo la wataalamu, wala si vipimo vya vifaa vinavyouzwa leo, na vifaa vimebadilika mno tangu hapo. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima vepu za kutumia na kutupa, wakakuta kwamba moja kati ya hizo ilitoa kwa siku risasi nyingi kuliko pakiti karibu 20 za sigara. Chanzo kimojawapo kilikuwa vipande vya shaba nyeusi yenye risasi ndani ya vifaa. Hapo hata ulinganisho na sigara, ambao ndio ngome ya watetezi, unaanguka kwa metali hii moja. Na kwa kijana ambaye hakuwahi kuvuta kitu, sigara haikuwa kipimo chake tangu mwanzo. Kipimo chake ni hewa.

Ni lazima pia kutenganisha mambo yanayochanganywa. Mlipuko wa ugonjwa wa mapafu uliotokea Marekani mwaka 2019, ambao hadi Februari 2020 ulikuwa na wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, vifo vikiwa 68, ulihusishwa zaidi na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa na bidhaa za bangi, si na metali. Anayeutumia kama ushahidi wa risasi au nikeli anaidhoofisha hoja yake mwenyewe. Tofauti na huo ni mkasa wa mgonjwa mmoja wa California, ulioripotiwa mwaka huohuo. Alikuwa na makovu ya mapafu ya aina inayojulikana kwa wafanyakazi wanaosaga vyuma vigumu vyenye kobalti, naye hakuwahi kufanya kazi hiyo. Kobalti ilikutwa kwenye kifaa chake cha kuvutia bangi. Mgonjwa mmoja hathibitishi hatari kwa wote, ila anaonyesha kwamba njia ipo. Wasomaji wa Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti huko Kongo, wanaoijua metali hiyo kama vumbi la kila siku, hawatashangaa kwamba pafu huiitikia.

Mafundi wetu wa kuchomelea nao wanalijua jambo hili kwa miili yao. Akichomelea mabati yenye zinki bila kinga, fundi hupata homa na baridi jioni, na wengi hunywa maziwa wakiamini yatasafisha kifua, ingawa maziwa huenda tumboni. Homa hiyo hupita. Madhara ya kromiamu na nikeli huchukua miaka, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kiasi anachokipata mvutaji ni kidogo kuliko cha fundi, lakini fundi huzima mashine na kwenda zake, ilhali kifaa cha mvutaji hulala naye chini ya mto.

Uganda ilizipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria ya mwaka 2015. Uingereza imezuia zile za kutupa tangu Juni 2025, ikiacha zinazojazwa upya. Naegemea njia ya pili kwa ajili ya wanaoacha tumbaku, kwa sharti moja: mwagizaji aonyeshe koili, lehemu na viungio vimetengenezwa kwa nini, na mvuke upimwe baada ya kifaa kutumika kwa majuma kadhaa, si kikiwa kipya. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikotini cha miligramu 20 kwa mililita, na tarakimu hiyo haisemi neno juu ya aloi. Kifaa chenye shaba ya risasi hakina sababu ya kupita bandarini, hata kimiminika chake kikiwa safi kama maji.