Sasisho la usalama lisiwe mlango wa matangazo

Simu ya mama niliiweka sawa mwenyewe: maandishi makubwa, arifa za programu za mauzo kimya, skrini ya mwanzo ina vile anavyovitumia tu. Juzi usiku ikajisasisha. Asubuhi, kabla hata hajaweka namba ya siri, tangazo limejaa skrini nzima. Swichi ya "mapendekezo" niliyoizima imewashwa tena, na michezo asiyoijua imejipanga karibu na picha za wajukuu. Akaniuliza kwa wasiwasi, "Mwanangu, nimebonyeza wapi?"

Hakubonyeza popote. Alifanya kile tunachowahimiza wazazi wetu siku zote: ukiona ujumbe wa sasisho, kubali, ni kwa usalama wako. Hilo ndilo lililonichoma. Usalama umegeuzwa kisingizio cha kupitishia biashara ya mtu mwingine.

Na usalama wenyewe si porojo. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro ya Stagefright: ujumbe wa MMS wenye video iliyochezewa uliweza kumfungulia mshambuliaji simu ya Android, wakati mwingine hata kabla mwenye simu hajaugusa. Agosti mwaka huohuo Google ikaanza kutoa viraka vya usalama, yaani vipande vidogo vya programu vya kuziba kasoro kama hiyo, kila mwezi. Ingia kwenye mipangilio ya simu ya Android sasa hivi, sehemu ya maelezo ya simu, utaona kiraka kina tarehe yake, kando na namba ya toleo la mfumo. Ni kitu kinachojitegemea. Android 10 ya mwaka 2019 ikapiga hatua nyingine, baadhi ya sehemu za ndani za mfumo zikawa zinasasishwa kupitia Google Play bila kugusa mfumo mzima. Apple nao, Mei 2023, waliwatumia watumiaji wa iOS 16, mfumo wa iPhone, kiraka cha haraka cha usalama, kidogo, cha kuziba tundu basi, na aliyetaka kukiondoa aliweza.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia kutenganisha hakuwezekani. Mtengenezaji anayefunga kiraka, mwonekano mpya, programu za washirika wake na matangazo katika furushi moja, chini ya kitufe kimoja, ameamua iwe hivyo. Anajua hatuwezi kukikataa kiraka, ndiyo maana mengine yote anayaficha nyuma yake.

Matokeo yake nayaona. Nina marafiki walioapa kutosasisha tena, na siwezi kuwaita wajinga. Wanakumbuka simu zilizokuwa nzito baada ya sasisho wakaambiwa ni mawazo yao tu. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba iliipunguzia kasi baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa, ili zisizime ghafla. Sababu hiyo ina mashiko, sawa, lakini wenye simu hawakuelezwa mapema. Mwaka uliofuata mamlaka ya ushindani ya Italia ikaitoza Apple faini ya yuro milioni 10, na Samsung yuro milioni 5, kwa masasisho yaliyozorotesha simu. Mtu aliyepitia hayo akiona kitufe cha kusasisha anakiogopa, na simu yake inabaki na matundu yaleyale ambayo kiraka kingeyaziba bure.

Kuhusu kuzuia matangazo kwa ujumla, nakubali kwa shingo upande: tovuti nyingi zinaishi kwa matangazo, na ukiyafyeka yote kuna mwandishi anayekosa ujira. Lakini hoja hiyo haina nafasi kwenye skrini ya simu. Simu imeshalipiwa. Kwa hiyo sioni haya kumwelekeza yeyote kwenye DNS ya Faragha, mpangilio wa simu wa kuchagua seva inayoitafutia anwani za mtandao, uliopo tangu Android 9 ya mwaka 2018: unaandika jina la seva inayochuja matangazo, unahifadhi, na yanakatika kwenye programu nyingi kwa mpigo, bila kuruti simu, yaani bila kuvunja kufuli za mfumo wake. Haimalizi yote. Tangazo linalotoka kwenye seva ileile inayoleta video litapita tu. Kwa kivinjari, Firefox ya Android inakubali uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo, na Safari ya iPhone imeruhusu vizuizi tangu iOS 9 ya mwaka 2015.

Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Juni 20, 2025 zimeweka miaka isiyopungua 5 ya masasisho kwa simu na tableti, ikihesabiwa tangu modeli iache kuingizwa sokoni. Ni habari njema, hasa kwa tableti, ambazo husahaulika mapema kuliko simu. Ila miaka mitano ya furushi lilelile ni miaka mitano ya kuzima swichi zilezile.

Ninachokitaka si kikubwa. Kiraka kiwe na kitufe chake peke yake. Mwonekano mpya uje kwenye kitufe cha pili, na orodha ya kila kinachobadilika, mtu achague. Tangu Android 13, programu mpya haiwezi kukutumia arifa mpaka uiruhusu, basi na mtengenezaji aombe ruhusa vivyo hivyo kabla ya kuniwekea mchezo au tangazo. Na swichi niliyoizima, sasisho liikute imezimwa na liiache imezimwa.