Ruzuku si mkopo

Kuna makala niliyoisoma inayodai kwamba vikundi vya mazoezi vya wanawake hapa Tanga vinakosa ruzuku kwa sababu havijui kuandaa andiko la mradi. Sikubaliani na dai hilo. Fungu ambalo wengi wetu huelekezwa kuliomba ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4, na fedha hizo, ingawa hazina riba, ni mkopo unaotakiwa kurejeshwa kutokana na biashara. Sasa kikundi kinachokutana alfajiri Raskazone kunyoosha viungo kitauza nini? Sisi tulishauriwa kuongeza ufugaji wa kuku kwenye andiko letu, tukaongeza, na siku hizi vikao vyetu ni vya chanjo na pumba (kuku wenyewe, kusema kweli, wamenawiri), huku mazoezi yakibaki kwa wachache. Tunachohitaji ni posho ya mwalimu, mikeka, mashine ya kupimia presha, na zaidi ya yote ukumbi wenye mapazia, kwa kuwa wengi wetu hatuwezi kuruka kamba mbele ya wapita njia. Je, kuna kikundi kilichowahi kupata fedha zisizorejeshwa kwa ajili ya mazoezi pekee, na kiliziomba wapi?