Nafaka au pesa? Tuanzie kwenye daftari la majina

Kila ukame, mafuriko au maradhi yanapowaangusha watu, mabishano huwa yaleyale: serikali iwagawie maskini nafaka, au iwape pesa wakanunue wenyewe?

Wanaotetea pesa wana hoja nzito. Mara nyingi njaa haiji kwa sababu chakula kimekwisha, huja kwa sababu mtu hana cha kukinunulia. Mwanauchumi Amartya Sen alilionyesha hilo kwa njaa ya Bangladesh ya mwaka 1974. Mwaka ule, chakula kilichokuwapo nchini kwa kila mtu kilikuwa kingi kuliko mwaka uliotangulia na uliofuata. Lakini mafuriko yaliwakosesha vibarua wa mashambani kazi, bei ya mchele ikapaa, na watu wakafa mchele ukiwa sokoni. Ukimpa pesa mtu wa hali hiyo, umetibu ugonjwa wenyewe. Tena pesa hazioti ukungu ghalani, na mama anajua mwenyewe kama wiki hii nyumbani kunahitajika unga au dawa ya mtoto.

Ila pesa huliwa na bei. Mwaka 2005 Ethiopia ilianzisha mpango mkubwa wa kuwakimu watu wa vijijini ambao chakula huwapungukia kila mwaka, wengine wakilipwa fedha, wengine nafaka. Bei zilipopanda ghafla mwaka 2008, posho ya fedha ilinunua kidogo kuliko zamani, na wengi walioipokea wakatamani nafaka. Kilo hubaki kilo hata bei ikipanda. Malawi nayo iliuza karibu akiba yake yote ya mahindi mwaka 2001, na mwaka uliofuata ikakumbwa na njaa. Kwa hiyo simkubalii anayesema maghala ya serikali yamepitwa na wakati.

Kwangu jibu si gumu: soko likifanya kazi, pesa; barabara zikikatika au bei zikikosa wa kuzishika, nafaka. Linalonikosesha usingizi ni jingine. Nani ameandikwa daftarini?

India ilipofunga shughuli Machi 2020 kwa sababu ya korona, nafaka ilikuwa tele. Kuanzia Aprili iliwapa watu wapatao milioni 800 kilo 5 za ziada kila mmoja kila mwezi, bure. Ni serikali chache duniani zingeweza kazi hiyo, na inastahili sifa. Lakini vibarua wengi waliokuwa mijini walikuwa wameandikishiwa kadi za mgawo vijijini kwao, na mjini wengi hawakuweza kuzitumia. Wakaanza kurudi kwa miguu, mamia ya kilomita, huku maghala ya nchi yamejaa. Hata aliyeandikwa huweza kukwama. Anaweka kidole kwenye mashine ya kuhakiki wenye kadi, inakataa. Anakipangusa kwenye nguo, anajaribu kingine, inakataa tena. Miaka ya kubeba matofali imefuta alama za vidole vyake, na nyuma yake foleni imeanza kunung'unika.

Najua kwa nini mashine iliwekwa. Pasipo uhakiki majina hewa huongezeka, na mgawo wa maskini huishia mikononi mwa wajanja. Hoja hiyo siipuuzi. Lakini asiyestahili akipata, serikali imepoteza kilo 5. Anayestahili akikosa, mtoto amelala njaa. Makosa haya mawili hayana uzito mmoja, hasa wakati wa janga. Mashine ikikataa, mtu apewe kwanza, jina lake likahakikiwe baadaye.

Kenya iliwahi kuligeuza jambo hili kwa namna ninayoipenda. Katika mpango wake wa kupambana na njaa kwenye kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ziliandikishwa hata kaya ambazo hazikuwa zikilipwa kila mara, nyingi zikafunguliwa akaunti za benki. Picha za setilaiti zilipoonyesha malisho yamekauka, pesa zilipelekwa kwa kaya nyingi zaidi bila kuanza kuandika upya. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, na daftari la wafugaji wanaohamahama huchakaa upesi. Lakini majina yaliandikwa wakati ng'ombe bado wanakamuliwa.